Maswali ya Wasomaji: Mgonjwa wa Akili Kwenye Filamu, Jukwaani na Katika Nyimbo

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua zinazohusu jambo moja, nalo ni namna maradhi ya akili yanavyoonyeshwa katika filamu, tamthilia, vichekesho na muziki, na namna maonyesho hayo yanavyowafuata wagonjwa hadi majumbani mwao. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na barua ndefu tumezifupisha bila kugusa hoja zake.

Swali: Shikamoo Mshauri. Mdogo wangu wa kiume aligundulika kuwa na skizofrenia alipokuwa chuoni. Anatumia dawa, anafanya kazi, na siku nyingi mgeni akija hawezi kujua lolote. Hivi karibuni tulikuwa tukitazama tamthilia ya upelelezi, nyumba nzima, na mwishoni ikabainika kwamba muuaji alikuwa na ugonjwa huo huo, ukatajwa kwa jina. Mdogo wangu aliinuka kimya akaenda kulala. Tangu siku hiyo shangazi yetu, ambaye tunaishi naye, anafungia visu vya jikoni kabatini kila usiku. Sijui nimwambie nini shangazi, na mdogo wangu ndiyo kabisa. Je, ni kweli kwamba watu hawa ni hatari? — Dada

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalomnyima shangazi usingizi. Walio wengi kati ya watu wenye skizofrenia hawajawahi kumdhuru mtu na hawatamdhuru. Wao ndio hudhuriwa mara nyingi zaidi, kwa kupigwa, kuibiwa, kudhulumiwa na kufungiwa ndani. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliotoka katika wodi za magonjwa ya akili za miji mitatu, na katika mmoja wa miji hiyo wakawalinganisha na majirani wa mitaa ile ile waliyorudi kuishi. Wale ambao hawakuwa na ulevi wa pombe wala dawa za kulevya hawakuonekana kuwa na vurugu kuliko majirani wasio na ulevi. Siwezi kukuambia kwamba hatari haipo abadani, maana mtu aliyezidiwa, asiyepata matibabu, na juu ya hayo analewa, anaweza kufanya fujo. Lakini ulevi na mazoea ya ugomvi humtambulisha mtu hatari vizuri zaidi kuliko jina la ugonjwa alio nao. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 24 wanaishi na skizofrenia, yaani takriban mtu 1 katika kila watu 300, na kama wote wangekuwa vile tamthilia zinavyosema, hakuna mtaa duniani ambao ungelala.

Kwa nini basi watunzi hawachoki kumtumia mhusika huyu? Nadhani sababu ni ya kiufundi kuliko ya chuki. Hadithi ya upelelezi humlazimu mtunzi aeleze mwishoni kwa nini muuaji aliua, na kupata sababu inayomridhisha mtazamaji ni kazi ngumu: inataka historia ya mtu, tamaa zake, madeni yake, nani alimkosea na lini. Ugonjwa wa akili humwondolea mtunzi kazi hiyo yote kwa sentensi moja, kwani mgonjwa haulizwi sababu. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa filamu ya Psycho, ambayo karibu na mwisho wake daktari wa akili husimama mbele ya polisi na kueleza kwa kirefu kwamba ndani ya kijana yule mpole waliishi watu wawili, yeye na mama yake. Filamu nyingi mno zimepita njia hiyo tangu wakati huo, na mpaka leo watu wengi huamini kwamba skizofrenia ni kuwa watu wawili katika mwili mmoja, wakati hiyo ni hali nyingine kabisa. Mdogo wako anajua zaidi yangu ugonjwa wake unavyokuwa: sauti zinazosikika pasipo msemaji, imani zisizotikisika hata kwa ushahidi, mawazo yanayokatika njiani, na lile ambalo halionyeshwi kabisa, yaani kukosa ari, pale ambapo kuoga au kujibu simu kunakuwa kama kupanda mlima. Hilo la mwisho huwatesa wagonjwa kwa miaka, lakini kamera haiwezi kulipiga picha, kwa hiyo kwenye filamu halipo.

Nikuombe jambo moja. Kitazame tena kipande kile cha mwisho ukiwa peke yako, na safari hii uache kumtazama muuaji, uangalie alivyotengenezwa. Utaona kwamba kabla hajasema neno, mwanga umekwishapunguzwa na muziki umeshuka hadi mlio mmoja mrefu. Kwamba kamera imemsogelea machoni kuliko ilivyomsogelea mhusika mwingine yeyote. Kwamba chupa ya vidonge imeonyeshwa juu ya meza kana kwamba ni silaha. Kisha jiulize ni nini ambacho hakimo. Kwa kawaida utakuta hana rafiki, hana ndugu anayempigia simu, hana kazi aliyochelewa kufika, wala mzaha aliowahi kuufanya. Mtunzi amempa ugonjwa na kumnyima maisha, na hilo ndilo kosa ninalolilalamikia kuliko mauaji yenyewe, kwa sababu mtu asiye na maisha ni rahisi kumwogopa. Shangazi yako amekaa na mdogo wako miaka yote hiyo, lakini kwa muda wa saa moja ameonyeshwa mtu mwingine mwenye jina la ugonjwa ule ule, na yule wa kwenye runinga akamshinda wa sebuleni.

Kwa mdogo wako, usiende na hotuba. Mwambie tu kwamba tamthilia ile ilikukera, umuulize yeye aliionaje, kisha unyamaze umsikilize, hata kama jibu lake litakuwa kwamba hataki kuizungumza leo. Kwa shangazi, takwimu nilizotaja hapo juu zitamsaidia kidogo, ila zisikutie tamaa kubwa. Mtafiti Patrick Corrigan na wenzake walipokusanya mwaka 2012 tafiti nyingi kuhusu njia za kupunguza unyanyapaa, waliona kwamba kwa watu wazima kukutana ana kwa ana na mtu anayeishi na ugonjwa na kuendelea na maisha yake kunabadilisha mitazamo kuliko kufundishwa. Shangazi anacho tayari kile ambacho kampeni hutumia fedha nyingi kukipata. Watafutie wawili hao kazi ya kufanya pamoja, jambo la kawaida lenye mwanzo na mwisho, na ikiwa mdogo wako ataridhia, shangazi amsindikize siku moja kliniki akamsikie daktari mwenyewe. Visu virudishwe mahali pake bila tangazo lolote. Na kama shangazi ameona mabadiliko halisi siku za karibuni, kama vile mdogo wako kuacha dawa, kutolala au kuzungumza na asiyeonekana, hayo ayaseme waziwazi, kwa kuwa ni dalili za kupelekwa kwa daktari, na kufungia kabati hakuzitibu.

Swali: Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani. Igizo langu linalopendwa kuliko yote ni la chizi: nguo zilizochanika, kopo shingoni, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Usiku mmoja mama mmoja alinifuata nyuma ya jukwaa akaniambia, bila hasira, kwamba mwanawe yuko hivyo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, ila pia nimekasirika. Mnataka tusicheke? Kicheko nacho si dawa? — Mchekeshaji

Jibu: Cheka, ndugu yangu, na uwachekeshe watu. Ila ujue kwamba igizo lako lina historia ndefu. Jijini London ipo hospitali ya Bethlem, iliyoanzishwa mwaka 1247, ambayo katika karne ya 17 na ya 18 watu walikuwa wakiingia kuwatazama wagonjwa kama burudani, wengine wakiwachokoza ili wapate cha kusimulia, mpaka mwaka 1770 ambapo uongozi ulizuia mtu kuingia ovyo bila kibali. Walioingia mle hawakujiona wakatili. Walikuwa wametoka matembezini na familia zao.

Jambo la kujiuliza, kwa maoni yangu, ni hili: katika igizo lako, ukiondoa nguo na kopo, mzaha unabaki? Ikiwa haubaki, basi watu wanacheka hali ya mtu, na mama yule alikuwa na haki ya kukufuata. Wachekeshaji wengi wanaoishi na maradhi ya akili huyazungumzia maradhi yao jukwaani na kumbi zikavunjika mbavu, lakini sikiliza kinachochekwa: ni jamaa anayempazia sauti mgonjwa kana kwamba amekuwa kiziwi, ni wakwe wanaoficha ugonjwa kwa uongo unaozidi kukua, ni mtu aliyesimulia ndoto yake kazini na kesho yake bosi akamuuliza kama amekunywa dawa. Hapo mgonjwa ni mwenye akili zake anayeona upuuzi unaomzunguka. Nikuonye tu usikimbilie upande wa pili ukamfanya chizi wako awe mwenye hekima anayejua siri ambazo wazima hawazijui, kwani huyo naye amechoka kutumiwa, na naye hajawahi kuwa mtu.

Mwaka 2013 maduka makubwa mawili ya Uingereza yaliuza mavazi ya sherehe za kutishana yaliyoitwa ya mgonjwa wa akili, moja likiwa na damu bandia na panga la nyama. Watu walilalamika na mavazi yakaondolewa na kampuni zikaomba radhi, lakini kilichonifurahisha mimi ni wale waliojibu kwa kujipiga picha wakiwa katika mavazi yao ya kila siku, shati la kazini, sweta, nguo za kulalia, na kuandika kwamba hili ndilo vazi la mgonjwa wa akili. Huo ulikuwa ni mzaha mzuri, na hakuna aliyeumia kwa kuucheka.

Swali: Daktari amependekeza mama yangu atibiwe kwa umeme kwa sababu sonona yake imekataa dawa zote na sasa hali chakula. Mimi nimewahi kuona kwenye filamu jinsi wanavyomshika mtu na kumchoma umeme kichwani akiwa macho. Ndugu zangu wananiambia nikatae. — Mtoto wa kwanza

Jibu: Pole sana kwa kuuguza. Nadhani unaikumbuka filamu ya mwaka 1975 iitwayo One Flew Over the Cuckoo's Nest, au mojawapo ya nyingi zilizoiga tukio lake, ambamo umeme hutumika wodini kumtia adabu mgonjwa mkaidi. Filamu ile haikuzua kitu kutoka hewani. Tiba hii ilianza Roma mwaka 1938, mikononi mwa Ugo Cerletti na Lucio Bini, na kwa miaka mingi ilitolewa bila dawa ya usingizi, na zilikuwapo hospitali zilizoitumia kama adhabu. Kosa ni kwamba picha hiyo imebaki machoni pa watu wakati tiba yenyewe imebadilika, na mgonjwa wa leo hukataa kitu ambacho hajawahi kukiona isipokuwa katika filamu.

Inavyofanyika sasa ni hivi. Mama atazuiwa kula na kunywa kwa saa kadhaa kabla, kama anayekwenda kupasuliwa. Atawekewa sindano mkononi, apewe dawa ya usingizi na baadaye dawa ya kulegeza misuli, awekewe kinga ya meno mdomoni na kipumulio usoni, na mapigo ya moyo wake yawe yanasomwa kwenye mashine. Umeme wenyewe hupita kwa sekunde chache. Ubongo hupatwa na degedege ambayo kwa kawaida haifiki hata dakika mbili, na kwa sababu misuli imelegezwa, anayetazama huenda akaona vidole vya mguu tu vikitikisika. Baada ya dakika chache ataamka, huenda akiwa na kichwa kinachouma na kuduwaa kidogo. Usahaulifu upo, nisikufiche: wengi husahau mambo ya wiki zile za matibabu, na baadhi husahau zaidi ya hapo. Matibabu hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kawaida mara 6 hadi 12 kwa jumla. Kwa mgonjwa wa sonona kali aliyeacha kula, ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi tulizo nazo, na hufanya kazi haraka kuliko vidonge.

Badala ya kukataa au kukubali kwa kufuata filamu, nenda na maswali haya kwa daktari: mtaalamu wa usingizi atakuwapo kila mara? Mama ameelezwa mwenyewe, na anaweza kusitisha akitaka? Kumbukumbu zake zitapimwa vipi kati ya awamu moja na nyingine? Uliza hasa hilo la kwanza, kwani ziko sehemu duniani ambako tiba hii bado hutolewa bila dawa ya usingizi, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linataka likome. Ukiambiwa dawa ya usingizi haitatolewa, hapo kataa.

Swali: Binti yangu ana umri wa miaka 16, na kila wiki ana ugonjwa mpya wa akili aliojigundulia kwenye video fupi za simuni. Nimcheke au nimpeleke hospitali? — Baba wa Binti

Jibu: Usimcheke, mzee wangu. Video hizo zimefanya jambo ambalo sisi tulioandika makala ndefu hatukuliweza, yaani zimewafanya vijana wayataje maradhi haya bila kuona haya. Ubaya wake ni kwamba orodha ya dalili tano inayosomwa kwa sekunde 30 humkaa karibu kila mtu. Acha jina la ugonjwa, umuulize mambo mengine: tangu lini, kwa siku ngapi mfululizo, na kimeharibika nini. Huzuni au kukosa hamu ya vitu alivyovipenda, kukidumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi, chakula au masomo yakiyumba, ni sababu tosha ya kumwona mtaalamu, hata kama jina alilojipa si lenyewe. Na ikiwa hakuna kilichoharibika, bado kuna binti anayetaka baba yake amuulize habari zake.

Swali: Naandika mswada wa tamthilia ambayo mhusika mkuu, msichana, anajiua. Mtayarishaji anataka tuonyeshe kila kitu hatua kwa hatua "ili jamii ielimike". Wenzangu wananiambia mada hii isiguswe kabisa. Nifuate lipi? — Mwandishi

Jibu: Usifuate lolote kati ya hayo mawili. Mtayarishaji wako anaitaka elimu, sawa, lakini sijui ni mtazamaji gani anayeelimika kwa kuonyeshwa namna ya kufa. Hofu hii si ya leo. Mwaka 1774 mwandishi wa Kijerumani Goethe alichapisha riwaya ya kijana anayejiua kwa mapenzi, na mji wa Leipzig ukaipiga marufuku mwaka uliofuata kwa kuogopa vijana wangeiga. Miaka 200 baadaye, mwaka 1974, mwanasosholojia David Phillips alipopekua magazeti na kumbukumbu za vifo, aliona kwamba vifo vya kujiua viliongezeka baada ya habari za namna hiyo kuwekwa ukurasa wa mbele. Kampuni ya Netflix ilionyesha mwaka 2017 tamthilia ya msichana wa shule anayejiua, tukio likaonyeshwa kwa dakika kadhaa, wataalamu wakapinga, na mwaka 2019 kampuni yenyewe ikalikata tukio hilo. Sioni kwamba hadithi ilipungukiwa na chochote.

Wenzako nao wanakosea, kwa sababu kunyamaza hakujawahi kumwokoa mtu. Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na wale walio ukingoni wanahitaji hadithi kuliko mtu mwingine yeyote, mradi iwe ni hadithi ya mtu aliyefika pale na akarudi. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba habari za watu waliofikiria kujiua na wakapata njia nyingine ziliambatana na kupungua kwa vifo. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka katika muziki: mwaka 2017 mwanamuziki wa Marekani aitwaye Logic alitoa wimbo ambao jina lake ni namba ya simu ya msaada iliyotumika wakati huo nchini humo kwa wanaofikiria kujiua, wimbo wa mtu anayepiga simu akitaka kufa na kuishia kutaka kuishi. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2021 walihesabu siku 34 ambazo wimbo huo ulivuma zaidi, wakakuta simu zilizopigwa zilizidi matarajio kwa 9,915, na vifo vya kujiua vikawa pungufu kwa 245. Utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kwamba wimbo ndio uliofanya yote hayo, lakini mimi kama mtunzi ningeridhika na hata sehemu yake ndogo.

Sasa kwenye mswada wako. Njia aliyotumia isionyeshwe wala kuelezwa, na mahali pasitambulike. Kata kabla, urudi baada. Barua ya kuaga isisomwe, maana ndiyo humfanya marehemu azidi kuzungumza na kushinda mabishano aliyoshindwa alipokuwa hai. Kifo kisiwe kisasi kinachofanikiwa, yaani usimwonyeshe kila aliyemkosea akilia na kutubu kaburini, kwa sababu kijana mwenye uchungu atachukua hiyo kuwa ahadi. Sababu isiwe moja: hakuna anayekufa kwa sababu ya mtihani tu au mchumba tu, na hadithi inayosema hivyo ni dhaifu hata kisanaa. Umwonyeshe msichana akiwa na nia mbili, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa wengi, anaagiza kitu atakachokihitaji mwezi ujao katika juma lile lile analopanga kufa. Kisha weka mtu mmoja anayemuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kwamba swali hilo humpa mtu wazo, lakini tafiti hazikuona hivyo. Mara nyingi aliyeulizwa hupumua. Mwishoni mwa kila sehemu iwekwe namba au mahali pa kupata msaada, na namba hiyo ipigwe kwanza na ninyi wenyewe ili mhakikishe kuna anayepokea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo wa kuzuia kujiua ulioandikwa mahususi kwa watu wa filamu na jukwaa. Mpelekee mtayarishaji nakala.

Kuna jambo jingine ambalo mwongozo hauwezi kukufanyia. Tafuta watu wawili au watatu waliowahi kuwa mahali alipo msichana wako, wasome rasimu mapema, ukiwa bado unaweza kubadili mambo, na walipwe kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote. Hata watunzi wakubwa hukabiliwa na uamuzi mgumu hapa. Filamu ya mwaka 2001 kuhusu John Nash, mwanahisabati mwenye skizofrenia aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994, humwonyesha akisema uzeeni kwamba anatumia dawa mpya zaidi, ilhali Nash mwenyewe alikuwa ameacha dawa tangu mwaka 1970; walioitengeneza waliogopa kwamba watazamaji wagonjwa wangeziacha za kwao. Filamu hiyo pia ilimpa watu wa kuonekana kwa macho, wakati yeye hasa alikuwa akisikia sauti, kwani skrini inataka picha. Badiliko la kwanza nalisamehe, la pili silisamehe, na huenda wewe ukaona kinyume. Muhimu ni kwamba ulijue badiliko unalolifanya na mtu atakayelibeba.

Ikiwa msomaji yeyote wa jibu hili ana mawazo ya namna hiyo hivi sasa, amwambie mtu mmoja leo, kwa sauti, na aende kituo cha afya kilicho karibu akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Swali: Msanii ninayempenda ametangaza kwamba ana maradhi ya akili na amesitisha maonyesho yake. Rafiki zangu wote wanasema anatafuta kiki. Mimi nina sonona, natumia dawa mwezi wa nne sasa, na hakuna hata mmoja wao anayejua. Kila nikisoma wanavyomwandika nazidi kunyamaza. — Niliyenyamaza

Jibu: Rafiki zako hawajui kwamba wewe ndiye unayewasikia. Wanamsema mtu aliye mbali, ambaye hatawajibu, na maneno yote yanatua kwako. Hivyo ndivyo unyanyapaa unavyofanya kazi katika burudani: msanii ana wanasheria, meneja na nyumba yenye ukuta, na mashabiki kadhaa wenye ugonjwa kama wake ndio wanaojifunza kutokana na maoni ya watu kwamba ni heri wafunge mdomo.

Huenda kweli wapo wasanii wanaotumia maradhi kujitangaza, na hilo si kazi yako wala yangu kulichunguza. Lakini angalia wanaotangaza maradhi yao wanapata nini. Mwimbaji Mariah Carey alieleza mwaka 2018 kwamba aliambiwa ana ugonjwa wa hisia mseto, yaani bipolar, mwaka 2001, akaishi miaka mingi akiukana na kuogopa kuumbuliwa. Mtu mwenye jina kubwa kiasi hicho, anayeweza kupata kiki kwa kubadili nywele tu, aliona ni salama zaidi kunyamaza kwa miaka 17. Naomi Osaka alipojitoa katika mashindano ya tenisi ya Ufaransa mwaka 2021 na kutaja sonona, alikuwa amekwishatozwa faini ya dola 15,000 kwa kutohudhuria mkutano na waandishi wa habari. Ukitaka hoja ya kuwapa rafiki zako, wape hiyo, kisha waulize ni kiki gani inayogharimu hivyo.

Hulazimiki kuwaambia habari zako. Wewe si kampeni, na dawa zinafanya kazi kwa aliyenyamaza pia. Ila naona kwamba kimya kimeanza kukulemea, na kwa hali hiyo ningechagua mtu mmoja tu katika kundi hilo, yule ambaye huandika maneno makali machache kuliko wenzake, nimwite pembeni mahali ambapo hakuna simu mkononi. Sentensi ya kwanza iwe fupi na isiyoomba radhi: "Nina sonona, natibiwa, na yale tunayoyasema juu ya yule msanii yananiumiza." Mpe nafasi ya kukosea mara ya kwanza, kwa kuwa watu wengi hujibu vibaya kwa mshtuko na kurudi baada ya siku mbili wakiwa wamefikiri. Mwambie pia unachotaka kwake, iwe ni kukusindikiza kliniki, kukuuliza habari kila Jumapili, au kutomwambia mwingine. Akijibu vibaya na asirudi, mweleze daktari wako katika miadi ijayo namna ilivyokuumiza, na vidonge usiviache kwa sababu yake.